Vijana wa Kipaimara wanasema "kila mtu na ukweli wake". Nianzie wapi?

Katekista_Mjini (Malindi)

Tumsifu Yesu Kristo.

Nina darasa la Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) hapa Malindi, vijana wa miaka 14 hadi 17. Tumefika kwenye Kanuni ya Imani, ile sala ya "Nasadiki", na hapo tumekwama. Kijana mmoja ameuliza, tena kwa adabu: "Mwalimu, huu si ni ukweli wetu sisi? Jirani yangu Mwislamu ana wake, mlokole ana wake, bibi yangu kule Marafa ana wake. La maana si kupendana?" Wenzake wakampigia makofi.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, niwaonyesheje kwamba imani yetu inadai mambo yaliyo hivyo kweli, bila kuligeuza darasa kuwa la kuwatukana Waislamu? Nusu ya marafiki zao ni Waislamu, na wengine wana wajomba Waislamu nyumbani. Pili, wakisema "dhamiri yangu hainisumbui", nijibu nini? Tatu, kuna mzazi anayewaambia kwamba Kanisa lenyewe hubadilika kila mara, kwa hiyo hakuna ukweli wa kudumu.

Nina vipindi vitatu vya saa moja. Tafadhali msinipe Kilatini.

---

Mkomani_Lamu

Milele na milele, mwalimu.

Usianze na nukuu, hata ile ya Yohana 14:6. Ukianza na "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima", kijana atakwambia hilo nalo ni la kitabu chenu. Anza na vikaratasi. Kata 12, kila kimoja sentensi moja, uchanganye: "Pilau ni tamu kuliko biriani." "Malindi iko kaskazini ya Mombasa." "Kwaya yetu inaimba vizuri kuliko ya kigango cha pili." "Idadi ya samaki walio baharini leo ni shufwa." "Yesu alisulibiwa kwa amri ya Ponsio Pilato." "Kristo alifufuka." "Mungu ni mmoja." Nyingine tunga mwenyewe.

Wapange mafungu matatu: ya ladha, ya mambo yaliyo hivyo au yasiyo hivyo, na ya mambo yaliyo hivyo au yasiyo hivyo ila sisi hatujui. Hilo la tatu usiliache. Ndiyo maana nimetia ile sentensi ya samaki: hakuna binadamu anayeijua idadi yao, lakini idadi ipo, na ni shufwa au witiri. Kijana akishaona kwamba kutolijua jibu hakulifanyi jibu lisiwepo, umemaliza nusu ya kazi.

Kosa utakaloliona ni hili: vikaratasi vyote vinavyomtaja Mungu vitaenda kwenye fungu la pilau. Usiwasahihishe papo hapo. Chukua cha Pilato, uwaulize: huyu liwali wa Kirumi anatafuta nini kwenye Kanuni ya Imani? Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Kila Jumapili tunamtaja kwa sababu tunadai jambo lilitokea, mahali fulani, chini ya mtawala fulani. Kisha fungua 1 Wakorintho 15. Barua hiyo iliandikwa miaka ya hamsini, wakati mashahidi wengi bado wako hai, na Paulo anawaorodhesha: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (mitume kumi na wawili), ndugu zaidi ya mia tano, Yakobo. Halafu anasema aya ya 14: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Mtu anayeeleza hisia za moyo wake haiti mashahidi, wala hakubali kwamba anaweza kukosea. Paulo anakubali kwamba dai lake lingeweza kuwa la uongo, na lingekuwa la uongo dini nzima ingeanguka.

Sasa Waislamu. Hapa ndipo wengi hukwepa, na si lazima. Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inakanusha kwamba Isa alisulibiwa. Sisi tunasema alisulibiwa. Haiwezekani wote wawili tuwe sawa katika jambo hilo moja. Ila muulize ustadhi yeyote hapa Lamu kama anakubali kwamba kila mtu ana ukweli wake, uone atakavyokutazama. Yeye na paroko wako wanakubaliana kwamba ukweli ni mmoja; wanachotofautiana ni upi. Kijana wako anadhani anampa jirani yake heshima, kumbe anamwambia kwamba imani anayoamkia alfajiri ni ladha tu kama ya chakula.

Wa huku kwetu hunielewa nikiwaambia hivi: nahodha anayetaka kupita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kina, na jahazi litapanda fungu la mchanga vilevile.

---

Mwalimu_Mpeketoni

Nakubaliana na Mkomani isipokuwa mfano wake wa mwisho. Kina cha Mkanda mtu hukipima kwa upondo, akaona kwa macho. Utatu Mtakatifu haupimwi hivyo. Ukiwaacha vijana na mfano huo, mwerevu mmoja atakuuliza wiki ijayo, "Basi nionyeshe kipimo cha Utatu," nawe utababaika.

Tenganisha mambo mawili: jambo kuwa kweli, na njia ya kulijua. Kwamba Mungu yupo, akili yaweza kufika huko yenyewe; Mtaguso wa kwanza wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu) ulifundisha hivyo mwaka 1870. Kwamba Mungu ni Nafsi tatu, tusingelijua kamwe kama asingetufunulia. Tunalisadiki kwa sababu ya mamlaka ya Mungu anayefunua, asiyeweza kudanganyika wala kudanganya. Soma Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 156. Hapohapo inaongeza kwamba Mungu alitoa pia ishara za nje ili imani isiwe ya upofu: miujiza ya Kristo na ya watakatifu, unabii, kuenea kwa Kanisa na utakatifu wake. Namba 157 inasema imani ni ya hakika kuliko ujuzi wowote wa binadamu. Hakika hiyo inatoka kwa anayesema, haitoki kwa nguvu ya msikilizaji kujilazimisha kuamini. Vijana hulichanganya sana hili. Wakikosa hisia kwenye sala wanadhani imani imekuwa uongo.

Na namba 170 isomwe polepole: hatusadiki fomula, tunasadiki mambo yanayoelezwa na fomula hizo.

---

Katekista_Mjini

Asanteni sana. Ila nikisema ukweli ni mmoja na uko kwetu, swali litakalofuata nalijua: "Kwa hiyo rafiki yangu Swaleh ataenda motoni?"

---

Mkomani_Lamu

Hayo ni maswali mawili, usikubali yaulizwe kama moja. La kwanza: je, kauli hii ni kweli? La pili: je, mtu asiyeikubali ana hatia? La kwanza lina jibu moja kwa watu wote. La pili Mungu ndiye anayelijibu, mtu kwa mtu. Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, namba 16 (1964) na Katekisimu 846 hadi 848 zinafundisha kwamba wasiomjua Kristo na Kanisa lake pasipo kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowajulisha, waweza kupata wokovu. Na wanaupata kwa Kristo huyohuyo, hawana njia ya pembeni.

Hati nyingine ya Mtaguso huo, Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, namba 3, inawataja Waislamu kwa heshima: wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu, wanamheshimu Mariamu, wanasali, wanatoa sadaka, wanafunga. Ona hati yenyewe inavyosema wazi tunapoachana. Dignitatis Humanae, hati yake kuhusu uhuru wa dini, ya Desemba mwaka huohuo inasema ukweli haumshiki mtu ila kwa nguvu ya ukweli wenyewe, na namba 2 inakataza kumshurutisha mtu yeyote katika mambo ya dini. Kwa hiyo Mkatoliki anayeamini ukweli ni mmoja ndiye hasa mwenye sababu ya kutomlazimisha Swaleh.

---

Sakristani_Watamu

Nyote mmebaki kwenye vitabu. Mimi ningewapeleka vijana kwenye kisima cha ubatizo, kwa sababu huko ndiko Kanisa linakoonyesha kwa vitendo kwamba nia njema haitoshi.

Ubatizo halali unataka maji ya kweli na maneno yake: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya bahari yanafaa. Ya mvua, ya mfereji, ya kisima hata yakiwa na chumvi kama ya huku kwetu, yote ni maji. Maji ya dafu hayafai. Maziwa hayafai, mafuta hayafai. Maji lazima yamguse mtu na kutiririka, kwa kawaida kichwani, na anayemimina ndiye anayetamka, wakati uleule anapomimina. Makosa ya kawaida wakati wa dharura hospitalini: mmoja amimine na mwingine atamke, kidole kiloweshwe na kupakwa kwenye paji kama majivu, au mtu aombe sala ndefu nzuri na kusahau maneno yenyewe. Mtu yeyote anaweza kubatiza katika hatari ya kifo, hata asiyebatizwa, mradi anakusudia kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya. Baadaye apelekewe paroko taarifa: jina la mtoto, wazazi, tarehe, mahali, nani alibatiza, nani alishuhudia. Mtoto akipona harudiwi kubatizwa, anakamilishiwa tu ibada zilizobaki kanisani. Pakiwa na shaka ya kweli baada ya kuchunguza, hubatizwa kwa sharti: "Ikiwa hujabatizwa, ninakubatiza..."

Agosti 2020 Roma ilijibu swali kuhusu mapadre na mashemasi waliokuwa wakisema "Tunakubatiza", wakitaka kuonyesha ushiriki wa familia na jumuiya. Jibu: ubatizo huo si halali, na waliobatizwa hivyo wabatizwe. Mwaka 2022 jimbo la Phoenix, Marekani, likatangaza kwamba padre mmoja alitumia neno hilo kwa miaka mingi, na maelfu ya watu wakahusika. Mapadre hao hawakuwa na nia mbaya. Lakini ubatizo usipokuwepo, Kipaimara hakikuwepo, na ndoa zikabidi zichunguzwe moja moja. Waulize vijana wako: kama kila mtu ana ukweli wake, kwa nini watu hao hawakuambiwa tu "wewe amini umebatizwa, inatosha"?

Wasitoke hapo na hofu, lakini. Katekisimu 1257 inasema Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya Ubatizo, ila yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake.

Altare nayo ni vivyo hivyo. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa: mkate wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni usije ukaharibika, na divai asilia ya zabibu isiyoharibika. Pombe ya mnazi, hata tamu ya asubuhi, haiwi divai ya Misa. Unga wa mchele au wa muhogo hauwi hostia, yaani mkate wa Misa. Asiyeweza kula ngano anaruhusiwa hostia yenye gluteni (kile kinachonata katika unga wa ngano) kidogo sana. Isiyo na gluteni kabisa haifai, basi hupokea kwa divai peke yake. Kila mara kuna mtu anayeona huo ni ukaidi. Sakramenti si mali yetu tuipange upya.

---

Kijana_Maweni

Mimi ni mmoja wa hao wanaopiga makofi, msinikasirikie. Bibi zetu walifunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo, leo ni saa moja. Misa ilikuwa Kilatini, leo Kiswahili. Sasa huo ukweli usiobadilika uko wapi? Mnachagua mnachotaka.

---

Mwalimu_Mpeketoni

Swali zuri, kaka, na lina jibu la tarehe. Mfungo wa kabla ya Komunyo ulikuwa tangu usiku wa manane. Mwaka 1957 Papa Pius XII akaufanya saa tatu kwa chakula na pombe, saa moja kwa vinywaji vingine. Mwaka 1964 Paulo VI akaufanya saa moja kwa vyote, maji na dawa haviuvunji. Hiyo ni nidhamu. Kanisa liliiweka, Kanisa laweza kuigeuza. Sasa jiulize mfungo huo ulikuwa wa nini: kumheshimu Kristo aliyemo kweli katika Ekaristi. Hilo la pili halijasogea hata nukta, mwaka 1957 wala leo.

Mambo yote hayako daraja moja, na wengi wa wanaosema "Kanisa limebadilika" wanachanganya hapo. Juu kabisa kuna yaliyofunuliwa na Mungu na kutangazwa na Kanisa kuwa hivyo: Utatu, Umwilisho (Mwana wa Mungu kufanyika mtu), ufufuko, Ekaristi. Kuna mafundisho ya mwisho yanayofungamana nayo, kama lile la mwaka 1994 kwamba upadre ni kwa wanaume tu. Kuna mafundisho ya Papa na maaskofu yasiyotangazwa kuwa ya mwisho, ambayo muumini huyapokea kwa utii wa akili na utashi. Halafu ndipo zinapokuja sheria: mfungo, lugha ya Misa, sikukuu za amri, useja wa mapadre wa ritu (mapokeo ya ibada) ya Kilatini. Makanisa Katoliki ya Mashariki huwapa upadre wanaume wenye ndoa, nao ni Wakatoliki kamili chini ya Papa huyohuyo.

Maelezo ya fundisho hukua. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea uliweka katika Kanuni ya Imani maneno "mwenye umungu mmoja na Baba", kwa sababu Ario alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Neno walilolitumia halimo katika Biblia, lakini Kanisa lilikuwa likimwabudu Kristo kabla ya hapo. Kukua ni hivyo: jana lilisemwa kwa ufupi, leo limesemwa kwa ukamilifu. Kama leo lingesemwa kinyume cha jana, ungekuwa na haki ya kupiga makofi.

---

Dada_wa_Gede

Naona swali la dhamiri limerukwa, na ndilo litakalomsumbua katekista kuliko yote.

Katekisimu 1750 inataja mambo matatu katika tendo: kitu chenyewe kinachotendwa, nia, na mazingira. Wape mfano wa hapahapa. Mwongoza watalii anamwambia Mwitaliano kwamba kiingilio cha magofu ya Gede ni mara mbili ya bei ya getini, na tofauti anaitia mfukoni. Nia yake ni karo ya mtoto. Uliza maswali kwa mpangilio huu na usiubadilishe: Ametenda nini? Kwa nini? Katika hali gani? Vijana wote hurukia la pili, kisha wanarudi nalo kulisafisha la kwanza. Jibu la kwanza ni kwamba amedanganya na ameiba. Karo haiwezi kuligeuza hilo kuwa jema (1753). Mazingira yaweza kupunguza au kuongeza hatia: njaa ya leo nyumbani ni tofauti na mazoea ya kila msimu. Tendo lenyewe linabaki lilivyo. Na ligeuze upande wa pili pia: anayetoa sadaka ili asifiwe ametenda jema, nia ikaliharibu.

Wakumbushe kurudisha. Kitubio hakifuti deni (2412). Mtalii akiwa ameshaondoka na hapatikani, fedha hiyo huenda kwa maskini. Haibaki mfukoni kwa sababu mwenyewe yuko Milano.

Kuhusu "hainisumbui": dhamiri yenye uhakika lazima ifuatwe (1790), nayo yaweza kukosea. Hapo uliza amekosa kujua kwa sababu gani. Kama hakuwa na namna ya kujua, hahesabiwi hatia, ingawa ubaya unabaki ubaya na unaumiza watu (1793). Kama hakujali kutafuta, au dhambi ya mazoea imempofusha, ana hatia (1791). Kutosumbuliwa peke yake hakuthibitishi chochote. Hata aliyezoea kupunja kwenye mizani ya samaki analala usingizi mzito.

---

Mkomani_Lamu

Niongeze moja ambalo mtu wa Malindi hawezi kulikwepa, maana vijana hao wamekua wakilisikia. Shakahola, 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo wa Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ya mahakamani tuyaache mahakamani. Ila kwa kauli ya "kila mtu na ukweli wake" huna neno la kumwambia mhubiri wa namna hiyo. Huo ulikuwa ukweli wake, na wafuasi waliusadiki kwa moyo wote.

Mkatoliki ana vipimo vya nje ya moyo wake. Ufunuo kwa watu wote ulikamilika katika Kristo. Hakuna mwingine wa hadhara unaongojwa, na ufunuo wa faragha hauongezi kitu kwenye imani (Katekisimu 66 na 67). Amri ya tano inakataza kujiua na kuua. Na sheria ya mfungo ina mipaka inayosomeka: siku mbili kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo, kuanzia kutimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Mtoto pia hafungwi nayo. Akitokea yeyote, awe padre au mlei, akamwambia mtoto asile, kijana wako anayo mizani ya kumpimia.

Lifundishe kwa dakika chache na bila picha. Darasani huenda yumo aliyepoteza ndugu.

---

Katekista_Mjini

Nimeelewa. Jumamosi ya kwanza vikaratasi, Pilato na 1 Wakorintho 15. Ya pili, ubatizo na mkate na divai, pale kisimani. Ya tatu, maswali matatu ya dhamiri na mambo ya mfungo. Madaraja ya mafundisho nitayaweka wapi?

---

Mwalimu_Mpeketoni

Weka ya pili, mwishoni, kupitia mfungo wa Komunyo, maana mtakuwa mmesimama karibu na altare. Mwalike na yule mzazi. Na ile sentensi ya kwaya itoe kwenye vikaratasi kama darasani kuna wanakwaya, hamtamaliza kipindi.